Igalula Haina Rangi Moja

Mpwa wangu aliinama juu ya kompyuta mpakato, akaitazama ramani niliyoihangaikia wiki nzima, kisha akaniuliza: "Anko, hapa pameingia sumu?"

Hapakuwa na sumu. Palikuwa Igalula. Nilikuwa nimezipaka nyasi rangi ya kahawia ya mwezi wa nane, nikaweka vumbi kando ya barabara na kuupausha anga kidogo, kama unavyopauka huku moshi wa nyasi zinazochomwa unapotanda. Nje ya dirisha, hatua chache kutoka tulipokaa, nyasi zilikuwa za rangi hiyohiyo. Hizo hakuziuliza. Ana miaka kumi na mmoja, amezaliwa hapa, na kila siku akitoka shule hupita katikati ya nyasi hizo kufuata mbuzi. Lakini alipoziona kwenye kioo alisoma ugonjwa.

Swali lake limenifanya nilirudie gemu ninalolipenda kwa miaka mingi na kuliangalia kwa jicho jingine. Linaitwa Cities: Skylines. Lilitoka Machi 2015, likiwa limetengenezwa na Colossal Order, kampuni ya mjini Tampere, Finland, na kusambazwa na Paradox Interactive ya Sweden. Unapewa kipande cha ardhi tupu na barabara kuu moja, unaambiwa ujenge mji. Unachora barabara, unavuta maji, unajenga shule na dampo, unatoza kodi. Watu wanahamia, wanakwama kwenye foleni, wanakulalamikia. Kwa kuonyesha jinsi mji unavyoishi kwa njia zake, sijaona gemu linalolishinda.

Ndiyo maana nilidhani litaielewa Igalula, kwa kuwa mahali hapa pana historia ya njia. Ukitoka Dar es Salaam kwa Reli ya Kati unaipita stesheni yake baada ya Goweko, ukiwa umebakiza mwendo mfupi kuingia Tabora. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, misafara ya miguu kutoka Bagamoyo ilikatiza nchi hii ikipitia Tura, Rubuga na Kigwa.

Nikaanza na umbo la ardhi. Gemu linakuruhusu kuingiza picha ya kijivu yenye pikseli 1,081 kila upande, ambamo kila pikseli ni kimo cha mahali fulani: nyeusi ni bonde, nyeupe ni mlima. Vimo vya dunia nzima vinapatikana bure, vingi vikitokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000. Ya Igalula ilipotokea, ilikuwa kijivu kitupu, kama karatasi iliyoloa. Nchi ni tambarare. Tena ni ya juu: Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali kimo cha mwisho katika gemu ni mita 1,024. Ikabidi nchi nzima niishushe ili iingie. Hilo sikulilalamikia. Kila ramani hupunguza kitu.

Kisha nikafika kwenye mandhari, na hapo ndipo penye kesi yangu.

Mandhari, katika gemu hili, ni vazi la ramani. Umbo la ardhi likishakamilika, unachagua livae nini: rangi ya nyasi, ya mchanga, ya miamba, ya maji, ya anga. Gemu lilipotoka lilikuwa na mandhari ya nchi zenye hali ya hewa ya wastani, ya misitu ya kaskazini, na ya kitropiki. Baadaye ikaongezwa ya Ulaya, iliyobadilisha hata majengo. Kwa mtu wa Igalula uchaguzi unaonekana rahisi. Sisi tuko digrii tano hivi kusini mwa Ikweta. Sisi ni tropiki. Nikabonyeza.

Igalula ikawa kijani kibichi, yenye mchanga mweupe kingoni mwa maji na miti ya jamii ya minazi. Tropiki ya gemu ni ufuko wa likizo. Hata majina ya baadhi ya ramani zake za mwanzo, Diamond Coast, Lagoon Shore, Sandy Beach, yanakupeleka baharini. Kutoka hapa hadi bahari ni safari ambayo Burton na Speke waliianza Juni 1857 na kuingia Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Nilicheka, nikadhani nimepata lawama yangu: Wazungu wa kaskazini wameifikiria tropiki kwa kutazama kadi za posta.

Lakini hiyo ni lawama nyepesi, na jibu lake lipo tayari. Tangu 2016 gemu lina sehemu ya kutengenezea mandhari yako mwenyewe, na imetengenezwa kwa ukarimu. Unaweka picha zako za nyasi, changarawe na miamba. Unaamua rangi ya maji safi na ya maji machafu. Unaandika latitudo na longitudo ili jua lipite panapostahili. Unaweka joto la chini na la juu, la mchana na la usiku, na uwezekano wa mvua na ukungu. Wachezaji wametengeneza mandhari kwa mamia, za jangwa na za nyika, wakazigawa bure kwenye Steam. Anayedai kwamba gemu halikumpa nafasi ya kwao hajajaribu.

Mimi nilijaribu. Niliweka jua la digrii tano kusini, likapita utosini vizuri kabisa. Niliweka joto. Kisha nikafika kwenye uwezekano wa mvua nikasimama, kwa sababu pale pana namba ya mchana na namba ya usiku, basi.

Niandike ngapi? Huku mvua huanza kuelekea Novemba na kukatika kati ya Aprili na Mei. Juni, Julai na Agosti unaweza kuanika tumbaku, mahindi na nguo bila kutazama juu. Nikiandika namba ya Januari, nitapata nchi isiyo na kiangazi. Nikiandika ya Julai, nitapata jangwa. Nikichukua wastani wa mwaka, mvua itanyesha kidogo kidogo siku zote, na hiyo ni nchi nyingine kabisa, yenye mimea mingine na watu wenye kazi nyingine. Wastani wa Igalula haupo Igalula.

Gemu hili la 2015 halina majira. Lina mchana na usiku, lina mvua na ukungu, lakini mwaka wake hauzunguki. Tusidhani ni Waafrika tu walioonewa. Februari 2016 kilitoka kiongezo kiitwacho Snowfall, chenye theluji, tramu na mitambo ya kupasha nyumba joto. Watu wa Tampere wanaijua theluji kuliko mtu yeyote. Wanajua pia kwamba huyeyuka. Lakini ramani zao za baridi zina baridi milele. Ukichagua theluji, hutaona nyasi tena. Hata kwao wenyewe, tabianchi ilipogeuzwa mandhari ilipoteza kalenda yake na kubaki rangi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa halikuwa rangi mbaya, la kutibiwa kwa rangi nzuri. Mandhari inaichukua tabianchi kama sura ya mahali. Huku tabianchi ni zamu. Chukua mbuga, ule udongo mweusi wa mabondeni: masika gari linazama hadi ekseli, na watu wanalima mpunga kwenye majaruba, kiangazi udongo huohuo unapasuka nyufa za kupitisha mguu wa mbuzi. Ni ardhi ileile. Mtengeneza mandhari anakutaka uchague. Tena, ili mto uwepo kwenye ramani, unaweka chanzo cha maji kinachotoa kiasi kilekile siku zote. Mvua ya kawaida haiupandishi, kiangazi hakiukaushi. Reli ya gemu haijui mwezi. Reli yetu inaujua sana: mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilipobomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, stesheni za huku, mamia ya kilomita mbali na mafuriko, zilibaki zinasubiri treni.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu na sumu yake, kwa maana hakukosea. Alikuwa amelisoma gemu sawasawa.

Katika Cities: Skylines, ukiweka viwanda vichafu, ardhi ya jirani inapoteza ukijani wake. Nyasi zinageuka rangi iliyokufa, kahawia yenye uzambarau, na miti inabaki matawi makavu. Ndiyo namna gemu linavyokuonya: kijani ni uzima, kahawia ni madhara. Kwenye orodha ya rangi za mandhari kuna kipimo cha jinsi nyasi zibadilike palipo na rutuba, palipo na msitu, palipo na uchafuzi. Palipo na Agosti, hakuna. Mtoto aliyecheza miezi miwili ameshafundishwa lugha hiyo, na ameielewa. Nilipomletea kijiji chake katika rangi yake ya kweli, alikisoma kwa lugha aliyofundishwa.

Hili linanisumbua kuliko minazi. Minazi unaiondoa kwa kubonyeza. Jicho lililozoea kuona ukavu kama ugonjwa halibonyezeki. Na jicho hilo halikuanzia kwenye gemu: tumewahi kuliona kwa mgeni anayekuja Oktoba, akatazama miti iliyopukutika, akaandika kwamba nchi imekufa, wiki tatu kabla haijafunikwa na majani. Gemu linampa mtoto wetu jicho la mgeni huyo, tena mchana kutwa na kwa furaha.

Linganisha na watu wa misafara. Nyika iliyokuwa kati ya Ugogo na Tura waliiita Mgunda Mkali, shamba kali. Jina hilo halisemi nchi ile ina rangi gani. Linasema itakufanya nini: maji ni haba, jua ni kali, kaza mwendo. Ni jina lililotungwa na miguu. Na wapagazi wa Kinyamwezi walioivuka waliipanga safari kwa kalenda. Wengi walishuka pwani kiangazi na kujitahidi kurudi kabla ya mvua za kulimia. Njia iliyoifanya Tabora kuwa Tabora ilikuwa njia ya miezi kama ilivyokuwa njia ya maili. Wale nao waliacha rangi yao: miembe mikubwa unayoiona kuanzia Tabora hadi Ujiji inahusishwa na misafara hiyo. Kijani cha kivuli kile katikati ya kiangazi kilipandwa na wasafiri. Hata mandhari yetu "ya asili" ina mkono wa mtu ndani yake.

Halafu kuna miombo, misitu yetu. Anayetaka kuona jinsi kanuni ya kijani na kahawia ilivyo finyu, aje Septemba. Wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza, ardhi ikiwa bado kavu na nyeusi kwa moto, miombo inachipua majani mapya, nayo si ya kijani. Ni mekundu, ya shaba, mengine kama divai, halafu taratibu yanakuwa kijani. Nchi inabadilika rangi ikiwa kavu kabisa, kana kwamba imesikia habari ambayo sisi hatujaipata. Nilijaribu kuitengenezea mandhari wiki ile. Nikapata msitu unaofanana na vuli ya Ulaya, yaani majani yanayokaribia kuanguka. Rangi ni ileile, maana ni kinyume kabisa: kwao inaaga, kwetu inaingia. Kwenye kioo, bila mwezi, huwezi kuzitofautisha.

Lipo jambo moja ambalo gemu linalisema kuhusu misitu, nalo si kweli huku. Mafuta na madini yakichimbwa huisha. Misitu na ardhi yenye rutuba haviishi. Viwanda vya magogo vinafanya kazi miaka mia na msitu uko palepale. Mkoa wa Tabora unalima tumbaku, na tumbaku inakaushwa kwa moto ndani ya mabani, na moto unataka kuni. Kila mtu wa Igalula mwenye umri wa kutosha anaweza kukuonyesha mahali palipokuwa na msitu. Kwa hiyo kahawia nyingine huku ni ugonjwa kweli. Ndiyo sababu tunahitaji jicho linalotofautisha: kahawia ya Agosti itakayopona yenyewe, na kahawia ya shamba lililokatwa mininga na halijapandwa kitu. Mtoto anayeona kahawia zote kuwa sumu ataikosa ile yenye sumu.

Inawezekana msomaji anasema: hili ni gemu tu. Ningekubali, kama magemu yangebaki sebuleni. Mwaka 2016 Cities: Skylines ilitumika Stockholm katika mazungumzo ya kupanga eneo jipya la Norra Djurgårdsstaden. Huku kwetu lililoingia kwenye upangaji ni Minecraft: mwaka 2012 watengenezaji wake na UN-Habitat, shirika lenye makao yake makuu Nairobi, walianzisha mpango wa Block by Block, ambao wakazi wanajenga kwa matofali ya gemu maeneo ya wazi wanayoyataka, na Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Ni kazi nzuri. Mtu asiyejua kusoma mchoro wa mhandisi anaweza kusema anachotaka. Lakini Minecraft nayo ina kanda zake za tabianchi, na mojawapo ni nyika ya migunga, yenye nyasi za kahawia. Katika nyika hiyo mvua hainyeshi kamwe. Mawingu yanapita, kanda za jirani zinalowa, nyika haipati tone. Ukipanga uwanja wa watoto ndani ya nchi isiyonyeshewa, nani atakumbuka mtaro?

Cities: Skylines II ilitoka Oktoba 2023, na hatimaye mwaka unazunguka. Majani yanabadilika, theluji inaanguka na kuyeyuka, umeme unatumika zaidi wakati wa baridi. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Kisha nikasoma tabianchi zilizokuja nayo: ya wastani, ya bara, na ya ncha za dunia. Majira yamefika, lakini ni majira manne ya kwao. Masika na kiangazi bado hayajapata nafasi, ingawa mashine ya kuyabeba sasa ipo: kalenda ambayo mvua, rangi na matumizi vinaifuata. Hilo tu ndilo tulilolikosa, na mtu angeweza kulijaza kwa namba kumi na mbili za mvua ya Tabora, Januari hadi Desemba.

Mpaka hapo, nimebaki na gemu la zamani na ramani mbili za Igalula. Moja nimeiita Februari, nyingine Agosti. Umbo ni moja, reli ni moja, stesheni ni moja. Nilimwonyesha mpwa wangu zote mbili kwa kupokezana, akachagua Februari haraka, kama nilivyojua.

Mama yangu, ambaye ni bibi yake, alikuwa ameketi mkekani anachambua maharage. Akasema tumsogezee naye aone. Hajawahi kucheza gemu na haoni vizuri kwa karibu, kwa hiyo kompyuta tuliishika mbali kidogo, ile ya Agosti ikiwa kwenye kioo. Aliitazama kwa muda.

"Hapa mvua bado sana," akasema. "Na nyasi hawajazichoma. Huu mwezi wa saba kwenda wa nane." Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Wewe mume wangu, si unachunga mbuzi? Hukuuona mwezi huu?"

Mtoto akacheka kwa aibu. Akaivuta kompyuta, akauliza namna ya kupaka rangi nyeusi, kwa sababu kule nyuma ya bwawa, alisema, jana walichoma.